Wakenya raga wameitoa wapi, na sisi tulikuwa wapi?

Najua nimeadimika, na wale walioniuliza kafteria "vipi, umestaafu kuandika?" nimewasikia. Mitihani ya semista ilikuwa inabana, boom nalo lilikata siku nyingi kabla ya karatasi ya kwanza, kwa hiyo mwenyeji wenu alikuwa anapiga msuli kwa nguvu ya uji na maharage. Sasa yamekwisha. Kesho kutwa nadandia basi hapa Iringa kwenda kwetu Korogwe, na kabla sijafungasha kuna deni nataka kulilipa mbele ya mashahidi. Si deni la fedha (hao wanaonidai wanajijua, wavumilie kidogo). Ni deni la swali, na limekaa tangu Julai 2024.

Mwezi huo nilikuwa nyumbani Kilole, pale pale Korogwe mjini, nikifanya TP. Kwa wasiosoma ualimu, TP ni mazoezi ya kufundisha: unapelekwa kwenye shule, unafunga tai ya kuazima, wanafunzi wanakuita mwalimu na wewe unageuka nyuma kuangalia nani anaitwa. Nilikuwa nafundisha Historia kidato cha tatu kwenye sekondari moja ya karibu na nalala kwa mjomba. Jioni tunakwenda wote kibanda umiza. Sasa mwezi wa saba ligi imesimama, Simba na Yanga wako kwenye maandalizi ya msimu, kwa hiyo Jumatano ya tarehe 24 mwenye kibanda alikuwa anahangaika na rimoti kutafuta chochote chenye mpira ndani yake. Akaangukia Olimpiki ya Paris. Uwanja umejaa, wanaume mapande ya watu, mpira wenyewe umechongoka kama papai. Kenya na Argentina.

Kibanda kikachangamka. Mmoja anauliza, "Hii mieleka au mpira?" Mwingine, "Mbona wanarusha nyuma wakati goli liko mbele?" Wakenya wakafungwa 31-12, lakini cha ajabu watu hawakuondoka. Tulikaa hadi mwisho, tunawashangilia majirani kwa mchezo ambao hakuna hata mmoja wetu aliyejua pointi zinahesabiwaje.

Njiani kurudi nyumbani ndipo mjomba akanigeukia. (Kwetu mjomba na mpwa wote huitana mjomba, kwa hiyo msichanganyikiwe.)

"Mjomba, wewe si ndiye unayesomea hiyo historia?"

"Ndiyo mjomba."

"Mwingereza aliyemtawala Mkenya si huyu huyu aliyetutawala sisi? Reli katuachia, mkonge tumelima, Kiingereza kinawatoa jasho mpaka leo. Sasa mchezo huu mbona kawaachia wenzetu peke yao?"

Nikajibu haraka haraka kama msomi: Kenya kulikuwa na masetla wengi, mjomba, sisi tulikuwa na wachache. Akatembea hatua kadhaa, kisha akasema, "Na Uganda? Kijana wa kibandani kasema Waganda nao wanacheza. Uganda nako kulikuwa na masetla?"

Nikanyamaza. Kesho yake asubuhi, kidato cha tatu B, mwanafunzi aliyekuwa kibandani jana yake akanyoosha mkono na kuuliza karibu swali hilo hilo. Nikamwambia tutalijadili kipindi kijacho. Kipindi kijacho nikafundisha Mkutano wa Berlin. TP ikaisha, nikapanda basi, na yule mtoto nilimwacha bila jibu. Hilo ndilo deni, na limenipeleka maktaba mara nyingi kuliko kazi za darasani.

Kwanza tuwekane sawa, maana hata mimi nilikuwa nachanganya. Wakenya hawana timu moja ya taifa ya raga, wanazo kadhaa. Ile tuliyoiona kibandani ni Shujaa, timu ya wachezaji 7 kila upande. Mechi yao ni dakika 7 kila kipindi, ukienda kununua karanga unakuta imekwisha. Timu ya wachezaji 15, ile raga ndefu ya dakika 80, inaitwa Simbas. Kina dada ni Lionesses. Vijana wa chini ya miaka 20 wanaitwa Chipu, kifupi cha chipukizi. Yaani Shujaa, Simba, Chipukizi... majina karibu yote ya lugha yetu sisi, na mchezo hatuna! Hilo liliniuma kidogo, nakiri.

Kila timu ina safari yake ya mashindano. Shujaa wanacheza mashindano ya dunia ya wachezaji 7, yale ya kuhama mji hadi mji, wanacheza Michezo ya Jumuiya ya Madola, na tangu raga ya 7 iingie Olimpiki mwaka 2016 kule Rio, hawajakosa: Rio, Tokyo, Paris. Nyumbani wana Safari Sevens ya Nairobi iliyoanza 1996. Siku yao kubwa kuliko zote ni tarehe 17 Aprili 2016, Singapore. Fainali, na mpinzani ni Fiji, ambao kwa raga ya 7 ni kama Brazil ya Pelé. Kenya ikaichapa Fiji 30-7. Nahodha Andrew Amonde, kocha Benjamin Ayimba (amefariki Mei 2021, Mungu ampumzishe), na Collins Injera akawa mchezaji bora wa fainali. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Kenya kuchukua ubingwa wa duru yoyote ya mashindano yale. Mwezi uliofuata, London, Injera akawa mfungaji wa trai nyingi kuliko mtu yeyote katika historia ya mashindano hayo, akimpita Mwingereza Ben Gollings aliyekuwa na 220. Baadaye Mwingereza mwingine, Dan Norton, akampita naye, lakini jamani, Mwafrika Mashariki kukaa kileleni mwa orodha ya dunia kwenye mchezo uliobuniwa na watoto wa shule za kitajiri za Uingereza si jambo dogo. Kaka yake, Humphrey Kayange, naye alikuwa nguzo ya timu hiyo miaka mingi, na mwaka 2021 akaingia Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki.

Mambo hayakuwa mteremko tu. Mwaka 2023 Shujaa waliteremshwa daraja baada ya kufungwa na Canada London, 12-7, wakapanda tena 2024. Mwaka huo huo wa 2023 wakaifunga Afrika Kusini fainali ya Afrika kule Harare na kukata tiketi ya Paris. Ndiyo raga ya Kenya hiyo, leo wanakutia aibu kesho wanakupandisha juu ya meza. Mashabiki wa Simba na Yanga mtaelewa.

Simbas, hawa wa 15, hadithi yao ina machozi zaidi. Wamekuwa mabingwa wa Afrika mwaka 2011 na 2013 (Kombe la Afrika hilo Afrika Kusini huwa haipeleki kikosi chake kikubwa, tusidanganyane). Tangu 2004 wanagombea na Uganda Kombe la Elgon, nyumbani na ugenini, limeitwa kwa ule mlima ulio mpakani mwao. Kulikuwa pia na Kombe la Victoria lililowaingiza Zimbabwe na baadaye Zambia. Lakini Kombe la Dunia hawajawahi kuligusa. Walikaribia zaidi Antananarivo mwaka 2014. Timu nne zinagombea nafasi moja ya kwenda Uingereza 2015. Kenya wanaifunga Namibia 29-22, wanaifunga Madagascar 34-0, siku ya mwisho inafika wao ndio pekee hawajafungwa. Wakafungwa na Zimbabwe 28-10. Namibia siku hiyo hiyo ikaimwagia Madagascar 89-10 na kupenya kwa tofauti ya pointi. Namibia, ambayo Kenya ilikuwa imeifunga wiki moja tu nyuma! Niliposoma hapo maktaba nilisema "aaah" kwa sauti hadi mkutubi akaniangalia. Wakajaribu tena kupitia mlango wa nyuma, Marseille 2018, wakafungwa mechi zote 3. Dubai 2022, tena zote 3, Ureno ikawapiga 85-0. Na kwa Kombe la Dunia la 2027 kule Australia, tiketi ya Afrika ilichukuliwa na Zimbabwe, kwa kuifunga Namibia 30-28 mjini Kampala Julai 2025.

Haya. Na sisi? Sisi tunayo timu ya taifa, ndiyo, msishtuke. Inaitwa Twigas. Ukitamka Twiga mtaani watu wanafikiria saruji au Twiga Stars ya kina dada wa soka. Imeshacheza madaraja ya chini ya mashindano ya Afrika, na wachezaji wake kwa sehemu kubwa wametoka kwenye klabu za Dar es Salaam na Arusha. Kombe la Dunia hata kwa ndoto bado.

Sasa turudi kwa mjomba. Jibu langu la masetla lilikuwa sahihi nusu. Sensa ya 1962 Kenya ilikuta Wazungu karibu 56,000. Ya 1957 Tanganyika ilikuta kama 21,000. Na wale wa kwetu hawakuwa wa namna moja. Tulikuwa chini ya Mjerumani hadi Vita Kuu ya Kwanza, Mwingereza akaja baadaye kama mdhamini tu. Hebu fikirieni mashamba ya mkonge yaliyotuzunguka Korogwe. Mkonge wenyewe umeletwa na Mjerumani, Richard Hindorf, mwaka 1893. Aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, iliyofika hai ni 62, ikapandwa huko Pangani, na kutoka hiyo 62 ndiyo ikajaa bonde zima. Waliokuja kumiliki mashamba walikuwa Wagiriki kwa wingi, Wahindi kama akina Karimjee, Waingereza nao wakiwemo. Mgiriki hajui raga! Ukimpa mpira ule ataudhania tikiti. Kwa hiyo tofauti na mkonge, raga upande wetu hata miche 62 ya kuanzia haikutimia.

Kenya kinyume chake. Huko maofisa na walowezi wa Kiingereza, pamoja na Makaburu, walikuwa wakicheza tangu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwishoni mwa miaka ya 1920 wanamaji wa manowari ya Uingereza iitwayo HMS Enterprise wakatoa kombe lishindaniwe na klabu za Afrika Mashariki, na Enterprise Cup ikawa kombe la raga kongwe katika ukanda huu. Meli hiyo ina historia na sisi pia. Ndiyo iliyomchukua mrithi wa ufalme wa Uingereza Dar es Salaam mwishoni mwa 1928, alikuwa huku Tanganyika kwenye safari ya kuwinda, ikamkimbiza kuelekea Ulaya kwa sababu baba yake Mfalme George V alikuwa hoi kitandani. Yaani meli ilikuja kwetu kuchukua mtu, ikaenda kwa wenzetu kuacha kombe. Ndiyo bahati hiyo.

Mwaka 1953 ukaanzishwa Umoja wa Raga wa Afrika Mashariki, makao Nairobi, barabara ya Ngong, ambako uwanja wao upo mpaka leo. Kenya, Uganda na Tanganyika walikuwa wanakutana wenyewe kwa wenyewe, halafu wanachagua kikosi kimoja cha Afrika Mashariki, kikaitwa Tuskers, yaani ndovu wa pembe. Kikosi hicho kilicheza na wakubwa wa dunia. Septemba 1955 British Lions wakitoka Afrika Kusini walipitia Nairobi, wakashinda 39-12. Mwaka 1962 wakarudi, 50-0. Mei 1964 Wales nao wakapita, 26-8. Vichapo vitupu, lakini wangapi wanaweza kusema wamefungwa na British Lions?

Hapa lazima nipige kona kidogo, maana mshikaji mmoja bwenini kaniambia, "Andika na habari ya Idi Amin." Kuna hadithi inayotembea dunia nzima kwamba Amin alikuwa mchezaji wa akiba wa Afrika Mashariki siku ile ya Lions mwaka 1955. Ni kweli Amin alicheza raga, alikuwa jitu la mbele kwenye skramu, na ngumi alikuwa bingwa wa Uganda. Lakini hiyo ya 1955 ni chai. Kwenye picha ya timu hayumo, kwenye orodha hayumo. Na kubwa kuliko yote, enzi hizo mechi za kimataifa hazikuwa na wachezaji wa akiba. Kubadili mchezaji kuliruhusiwa 1968, kabla ya hapo ukivunjika mguu wenzako wanacheza pungufu. Sasa akiba wa nini? Mwanafunzi wa historia akikuta hadithi tamu namna hiyo lazima aikague mara mbili.

Tuendelee. Mnaona kitu hapo? Kufikia 1962 hii yote ni raga ya Wazungu. Kikosi cha Tuskers kilikuwa cheupe kama unga wa mahindi yaliyokobolewa. Wazungu wangeondoka nao mchezo ungeondoka. Kwa nini basi Kenya haukuondoka? Hapa ndipo nilipogundua kuwa mimi na mjomba tulikuwa tunahesabu kitu kisicho. Tulikuwa tunahesabu masetla. Cha kuhesabu ni shule.

Nairobi kulikuwa na shule mbili kubwa za bweni za wavulana wa Kizungu: Prince of Wales, iliyofunguliwa 1931, na Duke of York, ya 1949. Raga kwao ilikuwa kama sala ya asubuhi. Uhuru ulipokaribia milango ikafunguliwa, watoto wa Kiafrika wakaanza kuingia, majina yakabadilishwa, moja ikawa Nairobi School na nyingine Lenana. Majina yakabadilika, walimu wengi wa michezo wakabaki, viwanja vikabaki, magoli ya herufi H yakabaki, na ratiba ya mechi ikabaki. Mtoto wa Kikuyu au Mluo au Mluhya aliyeingia pale kidato cha kwanza alikuta raga ipo kama alivyokuta Kilatini ipo. Tofauti ni kwamba hii aliipenda. Baadaye ikasambaa shule nyingine, Maseno, Kakamega na kwingineko.

Watoto hao wakakua wakaenda chuo. Na hapa wanafunzi wenzangu kaeni vizuri. Mwaka 1977 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi wakaanzisha timu yao wenyewe, Mean Machine, wakaingia Kenya Cup kwa mara ya kwanza, wakalichukua msimu huo huo! Wanafunzi! Watu wa kula mlo mmoja kama sisi! Mwaka huo huo wachezaji wa Kiafrika wakaanzisha na klabu yao, wakaiita Mwamba. Kabla ya hapo klabu za Nairobi zilikuwa na majina kama Harlequin na Nondescripts, ukitamka unauma ulimi. Halafu ghafla, Mwamba. Kwangu mimi raga ya Kenya ilibadili mwenyewe mwaka ule, si 1963.

Na mwaka 1977 kwetu kulikuwa na nini? Wa historia mnajua. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka wetu na Kenya ulifungwa Februari, haukufunguliwa hadi 1983. Raga yetu kidogo iliyobaki ilikuwa Dar na Arusha, na kwa timu ya Arusha jirani wa karibu kwa mchezo huu ni Nairobi, mwendo wa saa chache. Basi pale pale wenzetu walipoanza kuumiliki mchezo, sisi lango la kuwafikia likafungwa miaka sita.

Lakini hata mpaka usingefungwa, sidhani kama tungekuwa na timu ya kupeleka. Shule tulikuwa nazo? Wazungu wengi wa Tanganyika waliokuwa na watoto wa kiume wakubwa waliwapeleka kusoma hizo hizo Prince of Wales na Duke of York. Yaani hata mbegu chache za raga tulizokuwa nazo zilioteshwa Nairobi. Mwishoni kabisa mwa ukoloni, mwishoni mwa miaka ya 1950, ndipo serikali ikajenga huku shule kubwa ya bweni ya Kizungu, St Michael's and St George's. Wapi? Iringa. Jamani, niliposoma jina la hiyo shule nikaendelea tu, mpaka sentensi iliyofuata ikaniambia kwamba baada ya uhuru ikawa Mkwawa High School.

Mkwawa! Hapa hapa! Ikawa sekondari, ikawa chuo cha ualimu, na mwaka 2005 ikawa chuo kikuu kishiriki cha Dar es Salaam, ambacho mimi nakaa kwenye bweni lake na kulalamikia maji yake. Nilifunga kitabu nikatoka nje kuangalia viwanja. Vimekaa pale vipana, vya kijani wakati wa masika, watu wanacheza soka. Tulikuwa na Lenana yetu, wadau. Ila ilizaliwa imechelewa. Ilikaa miaka michache tu mikononi mwa wenyewe, ikafika kwetu kabla haijawa na desturi yoyote ya kuachia watoto wa Kiafrika. Lenana na Nairobi School zilikuwa na walimu, mabingwa wa zamani, mashindano ya shule kwa shule. Yetu ilikuwa peke yake milimani huku, ingecheza na nani?

Halafu likaja Azimio la Arusha, 1967, mashamba mengi ya mkonge yakataifishwa, Wazungu wengi wa makampuni wakaondoka, na shule zetu zikachukua njia nyingine. Siilaumu njia hiyo. Mpira mmoja wa soka unachezwa na watoto 40 kwenye uwanja wa vumbi, netiboli inahitaji nguzo mbili, na nchi ilikuwa inajenga madarasa ya msingi kila kijiji. Nani angeanza kununua mipira ya papai? UMISSETA nimeishiriki mwenyewe, nimeona soka, netiboli, wavu, riadha. Raga sikuiona. Na kwa soka watu wa Korogwe hatuna cha kujionea haya. Marehemu Joel Bendera, aliyekuja kuwa mbunge wetu, alikuwa mmoja wa makocha walioipeleka Taifa Stars Kombe la Afrika Lagos mwaka 1980, na kwa karibu miaka 40 baada ya hapo hakuna aliyeweza kurudia mpaka 2019. Raga yenyewe ikajifungia Gymkhana, Dar na Arusha, mchezo wa wageni wa mikataba, wanakuja miaka miwili wanaondoka na viatu vyao.

Bado Uganda ya mjomba. Uganda Wazungu walikuwa wachache kuliko hata kwetu, kama 11,000 tu mwaka 1959, na masetla wa mashamba karibu hakuna. Kama masetla ndio jibu, Uganda isingekuwa na raga kabisa. Lakini Uganda ilikuwa na nini? Shule kongwe za misheni za Waafrika wenyewe, na Makerere. Namilyango College ni shule ya Wakatoliki ya tangu 1902, na ni kitalu cha raga cha Uganda kama Lenana ilivyo Kenya. Makerere wana timu yao, Impis. Walipitia kipindi cha Amin na vita vyote vile, mchezo ukabaki umejificha shuleni na chuoni, ukaibuka tena. Mwaka 2007 Rugby Cranes wakaenda Antananarivo, wakaifunga Madagascar 42-11 fainali, mabingwa wa Afrika, miaka minne kabla ya Kenya kufika hapo. Mjomba alinibana kwa Uganda akidhani ameniumbua, kumbe alikuwa ananipa ufunguo.

Jumapili iliyopita nikampigia simu. Shikamoo mjomba, marahaba, za huko, mvua vipi, ng'ombe vipi. Nikamwaga yote haya, vocha ikiteketea. Akanisikiliza, kisha akauliza, "Kwa hiyo ni shule tu?"

Nikamwambia shule, na mwalimu wa kubaki pale mkoloni akiondoka, na mtu wa jirani wa kucheza naye.

Akasema, "Wewe si ndio mwalimu?"

Nikacheka, yeye hakucheka. Vocha ikakata, au tuseme hivyo.

Mwanafunzi mwenzangu mmoja anayetoka Arusha, ambaye alicheza raga utotoni mpaka goti likamkataa, ana mpira wa zamani ngozi imebanduka upande mmoja. Nimeubadilisha kwa noti zangu zote za historia ya Afrika Mashariki. Sasa hivi uko kwenye begi chini ya kitanda, umenyauka kama embe la msimu uliopita, pampu ninayo ila sindano imepotea. Nitatafuta sindano Korogwe, pale Manundu mafundi baiskeli hawakosi. Yule mtoto wa kidato cha tatu B sasa hivi atakuwa anakaribia kumaliza shule kama hajamaliza, sijui hata kama nitamkuta. Nyumba yao naijua, iko nyuma ya kibanda umiza. Nikifika nitaanzia hapo.